Niliondoa kimya kwa sauti ya MRI, Mama Brayo akainua mikono ndani ya mashine

Niaje wakuu, niaje wasee wote wa hii jukwaa.

Hii story Brayo amesema nisipoiandika mimi ataiandika yeye, na Brayo akiandika ataweka chumvi hadi isomeke kama movie. So ipateni kwangu. Kila kitu hapa ilifanyika, na penye nilionekana mjinga nimeacha hivyo hivyo, sijapaka rangi.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Kibera, upande ule unatokea soko ya Toi. Computer sijasomea mahali. Nilijifunza code na simu yenye screen imepasuka, halafu nikapata laptop ya mtumba yenye ukichomoa charger tu, imezima.

Hasira ninayo, sitaficha. Mathe husema nilizaliwa nimeshakosana na nurse.

Sasa MRI. Wale hawajawahi iona, ni ile mashine ya hospitali iko kama bomba kubwa. Unalazwa ndani na inapiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio.

Lakini mashine haijui la kufanya mpaka ipewe ratiba. Hapa tuma wimbi. Hapa washa sumaku ndogo za pembeni. Hapa sikiliza mwili ukijibu. Hapa ngoja. Rudia. Hiyo ratiba ndio inaitwa pulse sequence. Chukulia ni mtu wa ngoma amepangiwa kila pigo, mpaka lini anyamaze.

Na kuna software ya bure, open source, ya kuandika hizo sequence. Mtu yeyote anadownload.

Nilifikaje huko? Ugomvi, nini ingine? Kwa group flani ya coders, msee mmoja aliniandikia ati watu wa kutengeneza website za salon wasishike vitu za physics.

Mimi!

Ni ukweli nilikuwa nimetengeneza website ya salon. Lakini hiyo dharau ilinichoma. Nikadownload hiyo software siku hiyo hiyo ndio nimjibu. Kumjibu sikuwahi, kwa sababu nilinaswa. Nikaanza kuchora sequence, kuziendesha kwa simulator, mpaka nikawa narekebisha makosa za spelling kwa maelezo yao na wananiambia asante.

Mashine yenyewe sikuwa nimeiona na macho. Nilikuwa kama mtu anajua barabara zote za Mombasa kwa ramani na hajavuka Mlolongo, hapo tu nje ya Nairobi.

Kitu moja mshike hapa: hiyo software ina button ya kukuchezea sequence yako kama sauti. Juu MRI ina kelele mbaya. Zile sumaku ndogo zikiwashwa na kuzimwa zinatetemeka vibaya. Kuna sequence inagonga kama landlord kwa mlango ya mabati, na kuna ingine inalia kama grinder ya welder.

Sawa. Sasa Brayo.

Brayo anaishi Kongo, ile ya hapa Kawangware. Ni fundi wa speaker, na ndio huangalia vyombo za kanisa la mathe yake. Nilipotolewa nyumba siku flani, vitu zote nje, mvua inanyesha, Brayo alikuja na mkokoteni, akatandika nailoni juu ya godoro yangu, akaikalia ndio isilowe mpaka nikapata mahali. Hakuniuliza kilichofanyika. Mtu akikalia godoro yako kwa mvua, mambo yake ni mambo yako. Sina mengi ya kuongeza hapo.

Mathe yake, Mama Brayo, anauza pazia za mtumba hapo Toi. Alianza na mgongo. Halafu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Siku moja mguu ulimkataa kabisa akiwa kwa stall, akashika ile waya ya kutundikia, pazia zote zikamwangukia. Walimtoa chini ya hizo pazia bado anaambia customer, "Hiyo ya maua siwezi shukisha bei."

Daktari akasema bila picha ya MRI hajui nini inabana hiyo nerve, na mguu ukiachwa hivyo unaweza usirudi.

Wakaenda, yeye na Brayo. Mashine ilianza kelele, Mama Brayo hakungoja hata kufinya ile button ya kuita mtu. Alijivuta akatoka na miguu kwanza. Walimpata kwa gate na ile gauni ya hospitali, mkono moja imeshika gauni nyuma.

"Brayo, hiyo kitu ilitaka kunisaga kama posho," akasema.

Hospitali wakampa siku ingine. Lakini wakasema asipoweza tena, atatumwa kwingine kwenye watu hulazwa usingizi kwanza ndio wapigwe picha, na hiyo foleni ni ndefu ajabu. Na mguu haungojei foleni. Alikuwa ameshaanza kuuburuta.

Brayo akakuja kwangu.

"Buda, si wewe ndio unajua hiyo mashine?"

"Najua ratiba yake. Mashine siijui."

"Basi tupigie hiyo ratiba kwa speaker za kanisa. Mathe azoee."

Wakuu, hii ndio maana huyu jamaa ni beshte yangu. Mimi nilikuwa nimekaa na hiyo button miezi yote nikiitumia kuudhi majirani.

Tukatafuta bomba. Jirani yao alikuwa na tank ya maji imepasuka chini, ile nyeusi ya plastiki. Tukailaza kwa upande katikati ya plot, hapo kwa uwanja wa nyumba zao, tukakata ile ncha imepasuka, tukaweka godoro ndani. Speaker ya kanisa kwa upande wa kichwa. Nikachukua mfano wa sequence ya mgongo kwenye software, nikaconnect, nikabonyeza.

Ga-ga-ga-ga-ga. Kimya.

Ga-ga-ga-ga-ga. Kimya.

Halafu kimya refu, kabla ya scan ingine kuanza.

Plot nzima ilikuwa imetoka nje kuangalia. Mama Shiro wa nyumba ya kona akapaza sauti, "DJ, imekwama!"

Mwingine akauliza kama ni tokeni za stima zimeisha.

Wasee wakacheka. Mimi sijui kuchekwa. Damu ilipanda, nikakaa hapo hapo kwa ndoo, nikaandikia wenye software, herufi kubwa tupu, ati sauti yao imeharibika, inaweka kimya kila mahali.

Mama mmoja wa huko mbali, ni kati ya wenye wanaisimamia, akanijibu poa sana. Akasema si kuharibika. Kale kakimya kadogo ni mwili unapumzishwa kabla ya pigo lingine, ukipiga tena haraka jibu linarudi dhaifu. Na ile kimya refu ni mashine ikijiandaa kwa scan inayofuata. Ziko hata kwa mashine ya ukweli, akasema.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusikia.

Nikamjibu, "Labda kwenu. Huku Kawangware watu wanacheka." Nikaingia kwa code, nikafuta kila penye imeandikwa ngoja. Zote. Nikaacha mapigo peke yake.

Manze, ilikuwa tamu! Ga-ga-ga bila breki. Ilikuwa karibu kama ngoma ya isukuti. Mama Brayo akaingia kwa tank, akalala, akatulia na katabasamu. Jioni iliyofuata watu wa kanisa lake wakakuja kumpa moyo na kanzu zao nyeupe, wakiongozwa na Mwalimu Ester. Wakapata wimbo unaingiana na huo mlio. Ikawa ndio mazoezi. Watu wanaimba, tank inatetemeka, Mama ndani hasongi hata kidole.

Akitoka anasema, "Ni hii tu? Hata yao haikuwa na bass."

Nilitembea Kongo kama mtu amechaguliwa MCA.

Sasa niwaambie kitu kuhusu hilo kanisa. Kwao, ngoma ikinyamaza, kila mtu anainua mikono juu na kusema "Amina!" kwa nguvu. Kila mtu. Hata mwenye amebeba mtoto anainua mkono moja. Mama Brayo amefanya hivyo tangu akiwa msichana huko Kakamega. Hawafikirii. Ni kama vile wewe ukisikia jina yako unageuka.

Na mimi hiyo kitu nilikuwa naijua. Nimekula chakula ya hilo kanisa mara nyingi sana. Naijua kabisa.

Mnaona penye hii gari inaenda?

Siku ikafika. Tukaenda hospitali kama harusi. Mama Brayo mbele na fimbo, Brayo anamshika, Mwalimu Ester na watu wa kanzu nyuma, mimi kwa pembeni kama engineer. Madam mwenye anaendesha hiyo mashine, nitamuita Madam Wanja, akaangalia huo msafara wote, akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

Akatupanga. Hakuna chuma kuingia. Mwalimu Ester alikuwa na kengele ya kanisa ndani ya mfuko. Madam aliiangalia vile mtu anaangalia bunduki. Ikapelekwa mbali kabisa, kwa mlinzi.

Mimi na Brayo tukaruhusiwa kusimama kwa mlango wa chumba chenye Madam hukaa, penye kuna kioo. Hapo ndio niliona MRI mara ya kwanza. Sitasema nililia. Nasema tu Brayo alinipa kitambaa.

Mama akalazwa. Akaingizwa. Kelele ikaanza.

Hakusonga! Kama kwa tank tu. Nikageukia watu wa kanzu hapo corridor, nikawaonyesha dole gumba. Si niliwaambia?

Scan ya kwanza ikaisha. Mashine ikanyamaza.

Kutoka ndani ya bomba tukasikia, "AMINA!" na kishindo. Mikono imeenda juu imegonga dari ya mashine.

"Mama, umeumia?" Madam akauliza kwa maiki.

"Hapana, Bwana asifiwe!"

"Usisonge tafadhali."

"Sijasonga!"

Scan ya pili ikaanza, ile yenyewe, yenye vile vikimya vidogo katikati. Ga-ga-ga, kimya, mabega juu. Ga-ga-ga, kimya, "Ami..." Alikuwa anajaribu kujizuia, maskini, lakini mwili ulikuwa unaenda peke yake. Picha ikatokea kwa screen. Uti wa mgongo mbili mbili, moja juu ya ingine, kama umepigwa picha ukikimbia polisi.

Hapo nikalipuka.

"Mashine yenu inakwama! Endesheni moja kwa moja!"

Madam Wanja akageuka pole pole. "Wewe ni engineer?"

"Mimi huandika sequence!"

"Za wapi?"

"Za... simulator."

"Basi simulate kukaa huko nje."

Wakuu, nimetusiwa na makanga, nimetusiwa na wazee wa mtaa. Hiyo ndio iliingia kuliko zote.

Akamtoa Mama. Huyo Madam ni mtu mzuri, lazima niseme. Alituambia kuna mgonjwa mwingine anaweza enda kwanza, tukaongee na mama, lakini akirudi akisonga tena hana namna, itabidi aandikiwe ile foleni ya kulazwa usingizi.

Tukakaa kwa bench huko nje. Mama Brayo alikuwa anakanda ile goti ya mguu mbaya, haongei. Hiyo ndio iliniumiza. Huyu mama huongea hata akimeza.

Na mimi nikafanya kile mimi hufanya. Nikateta ovyo. Nikakosana na mlinzi kwa sababu ya kengele. Nikaambia Brayo labda ni yeye aliconnect speaker vibaya.

Brayo akaniangalia tu.

"Buda," akasema. "Hizo kimya zilikuwa kwa software?"

"Zilikuwa."

"Zilienda wapi?"

"...Nilizitoa."

"Kwa nini?"

"Watu walisema DJ amekwama."

Aliniangalia vile huangalia speaker yenye mtu amechoma akiiunganisha mwenyewe. Ningependa angenitusi tu.

Nikatoa simu, nikadownload ule mfano wa kwanza, ule haujaguswa. Mama akalala kwa bench, nikabonyeza.

Ga-ga-ga-ga. Kimya.

Watu wote wa kanzu, mikono juu: "AMINA!" Mama Brayo pia.

Tukarudia. Kimya. "AMINA!" Mara ya tatu hata mlinzi aliinua.

Nikaona imeisha. Huwezi ondoa kitu mtu amefanya maisha yake yote ukiwa kwa bench ya hospitali.

Halafu Mama Brayo akakaa wima, amekasirika mpaka nikajisikia niko nyumbani.

"Ngojeni kwanza. Hii ibada ni ya kusimama ama ya kulala?"

Tukaangaliana. Mwalimu Ester akashika mdomo.

"Nauliza! Mle ndani mtu amesimama?"

"Amelala, Mama," nikasema.

"Na mnanipigia ngoma ya kusimama! Mnaniimbia za kusimama kila siku! Nitajuaje mimi ni mgonjwa wa mkeka?"

Ikabidi nielezewe. Kwa kanisa lao, mgonjwa akiombewa analazwa kwa mkeka katikati. Watu wanazunguka, ngoma inalia, inanyamaza, inalia tena. Wenye wamesimama ndio huinua mikono na kumsemea Amina. Yeye hasongi, hajibu, hafungui macho, mpaka Mwalimu aje amguse mguu. Ukisonga kabla mguu uguswe, maombi yameharibika, mnaanza upya.

Kumbe ile ratiba ya MRI walikuwa nayo tayari. Mimi ndio niliwapa ingine.

"Lala basi," Mwalimu Ester akasema na ile sauti yake ya madhabahu. "Ni ya mkeka."

Mama akalala. Nikabonyeza. Ga-ga-ga. Kimya. Watu wakasema Amina pole pole. Mama, gogo. Ile kimya refu ikaja. Nzi akatua kwa pua yake, akatembea hadi kwa mdomo, akarudi. Gogo.

Mwalimu Ester akaenda kuongea na Madam Wanja. Akamweleza kuwa mwisho kabisa lazima mtu amguse mama mguu, na huko ndani ni yeye tu anaweza.

"Lazima niwe nimeokoka?" Madam akauliza.

"Lazima uwe na mkono."

Mama akarudishwa ndani. Mimi nikakaa corridor, bila kuitwa engineer. Tulikuwa tunasikia mashine kwa mbali kupitia ukuta. Kila ikinyamaza, sisi tunanong'ona, "Amina." Mimi pia. Brayo alikuwa ameshika mkono yangu na hakuna mtu alisema kitu kuhusu hiyo.

Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo.

"Wewe wa simulator. Kuja uone."

Picha ilikuwa imetoka safi. Mfupa juu ya mfupa, kila mmoja mahali pake. Na hapo chini, kile kidude laini cha katikati ya mifupa kimetokeza nyuma kama ulimi, kinafinya nerve. Nimechora hizo sequence mpaka macho zikauma, na sijawahi fikiria kwa upande ule mwingine kuna mtu nakula kwake.

Nikamvuta Brayo naye aingie aone.

Scan ya mwisho ikaisha. Madam akashika maiki. "Mama, tumemaliza. Unaweza songa."

Kimya.

"Mama? Unanisikia?"

Kimya.

Madam akainuka, uso umebadilika. Brayo akasema, "Mguu, Madam. Mguu!"

Akakimbia ndani, akagusa kidole gumba cha mguu.

"AMINA!" Mama akafungua macho, akamwangalia. "Mbona umechelewa hivyo?"

Daktari alisoma picha, akajua mahali pa kuingia. Mama alifanyiwa operation. Leo ako Toi. Anatembea pole pole na bado hapunguzi bei ya pazia ya maua.

Nami nilirudi kwa ile thread yangu ya herufi kubwa. Nikaandika kwa herufi ndogo: si makosa ya software, ni mimi, pole. Nikaifunga mwenyewe. Yule mama wa huko mbali akataka kujua ilikuwaje, nikamwandikia story yote. Sasa kwa hiyo software kuna mfano wa kuzoesha wagonjwa kelele, nimeuandika mimi, na maelezo yanaanza hivi: usiondoe kimya.

Funzo? Kimya ni sehemu ya ratiba. Ukimpiga mtu na ingine kabla hajapumzika, jibu linakuja dhaifu. Nilikuwa nimeisoma kwa physics, sikuwa nimejisomea mimi.

Sasa Mama Brayo ametunga sheria. Nikianza kuteta nikiwa kwa stall yake, anasema, "Mkeka!" na siruhusiwi kusema neno mpaka aguse mguu wangu. Juzi nilianzana na jamaa alimruka Mama kwa foleni ya maji. "Mkeka!" Nikanyamaza. Akapata customer wa pazia, halafu mwingine, halafu akaenda lunch.

Akanisahau, wakuu. Nimekaa hapo katikati ya pazia na maneno yamejaa mdomo, Brayo anapita ananichekelea, siwezi hata kumjibu. Aliporudi na kunigusa mguu, nilikuwa nimesahau jamaa alikuwa nani.

Basi, uwanja ni wenu. Mwenye amewahi kulazwa ndani ya hiyo bomba aseme alivumilia aje. Mwenye anataka kunitusi pia, karibu sana. Nitajibu nikishaguswa mguu.